Levi hakuwa na funguo za gari

Vitabu vya safari za mashambani Italia vina ugonjwa wao, na mimi nadhani ugonjwa wenyewe ni gari la kukodi. Mwandishi anashuka uwanja wa ndege, anakabidhiwa funguo, na kuanzia hapo kila kijiji ni kizuri. Kikimchosha anawasha gari. Wenyeji? Mzee mmoja kwenye benchi, mama mmoja anayeanika nguo, basi.

Under the Tuscan Sun (1996) cha Frances Mayes kinapona kidogo kwa sababu yeye alinunua nyumba karibu na Cortona akakwama na mafundi. Kurasa za ukarabati zinasomeka kuliko zile za machweo. D. H. Lawrence naye, katika Sea and Sardinia (1921), alisafiri kwa treni na basi. Ndani ya basi huwezi kumkimbia abiria mwenzako, na Lawrence alikuwa mtu wa kukasirika haraka. Raha tupu kwa msomaji.

Mimi nilibeba Cristo si è fermato a Eboli cha Carlo Levi, kilichotoka 1945. Nilikodi gari Napoli nikaelekea kusini, huku mkono uliozoea gari la usukani wa kulia ukitafuta gia mlangoni. Kwenye barabara kuu Eboli ni kibao tu, unakipita hata hujamaliza kukisoma. Lakini jina la kitabu limetoka hapo: wakulima wa Lucania walisema Kristo aliishia Eboli, pale barabara na reli zinapoiacha pwani. Maana yao ni kwamba hata kuhesabiwa binadamu kuliishia hapo. Nilitoka barabara kuu Atena Lucana, nikafuata bonde la mto Agri, nikapita chini ya Viggiano, kisha kona juu ya kona, gia ya pili, hadi Aliano. Katika kitabu mji huu unaitwa Gagliano. Pande zote ni vilima vya udongo mweupe, vimechanwachanwa na mvua.

Levi, daktari na mchoraji wa Torino, alihamishiwa Lucania na serikali ya Mussolini mwaka 1935 kwa sababu za kisiasa. Aliano hakuruhusiwa kuvuka mpaka wa kijiji. Makaburini ndipo mwisho wake, na siku za joto alikuwa akilala ndani ya kaburi lililo wazi apate kivuli. Kijiji kizima kilikuwa na gari moja, mkangafu wa fundi aliyewahi kuishi Marekani.

Kitabu kinatoka kwenye kufungiwa huko. Watu walimfuata na malaria zao, akaingia vyumbani mwao, na ukutani akakuta picha mbili, nyumba baada ya nyumba: Bikira Maria wa Viggiano na Rais Roosevelt. Mji mkuu wa wakulima hawa ulikuwa New York, si Roma. Hebu niambie, nani angeziona picha hizo kupitia kioo cha gari? Mimi nilikaa Aliano saa nne na sikuingia chumba cha mtu yeyote.

Levi nina ugomvi naye, hata hivyo. Anashikilia kwamba wakulima wake wanaishi nje ya historia. Jamani, watu waliovuka Atlantiki wakarudi, walio na Roosevelt juu ya kitanda, wako nje ya historia gani? Hapo mchoraji amemshinda daktari. Anataka watu watulie kama vilima.

Tena kuna Addis Ababa. Mwaka 1936 majeshi ya Italia yaliuteka mji huo, na katika kusherehekea, serikali ikatoa msamaha kwa baadhi ya wafungwa wa kisiasa. Levi alikuwa mmoja wao. Anasema wazi kwamba wakulima hawakuijali vita ile, na yeye mwenyewe alikuwa adui wa ufashisti. Lakini habari hiyo inapita upesi, karibu na mwisho, na mtu aliyekuwa na subira ya kurasa nyingi kwa mbuzi na wachawi hakai nayo. Msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kupita hapo kwa gia ya nne. Nilikisoma kipande hicho mara mbili, nimeketi kando ya makaburi ya Aliano, ambako Levi mwenyewe alizikwa mwaka 1975.