Chanjo ya Tiba: Uhakiki wa Istilahi Tatu za Utafiti wa UKIMWI

Miongoni mwa istilahi zinazowatatiza wafasiri ni zile za utafiti wa kuondoa VVU mwilini. Makala haya yanakusudia kuhakiki tatu, yaani chanjo ya tiba, hifadhi ya virusi na askari wa mwili, kwa kuwa kosa katika istilahi za namna hii laweza kumgharimu mgonjwa.

Tuanze na chanjo ya tiba. Neno chanjo latokana na kitenzi chanja, na mazoea yamelifunga na kinga: mtu huchanjwa kabla hajaugua. Hata hivyo, kumchanja aliyekwisha kupatwa si jambo geni. Mwaka 1885 Louis Pasteur alimchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Na mwaka 1987 Jonas Salk alipendekeza wenye VVU wachanjwe ili miili yao ipambane na virusi. Neno chanjo, basi, lastahili kubaki.

Kasoro imo katika tiba. Neno hili lina maana ya matibabu, lakini wengi hulielewa kuwa ni uponyaji. Asomaye "chanjo ya tiba ya UKIMWI" aweza kudhani kuwa dawa ya kuponya imepatikana, akaacha vidonge vyake. Ukweli ni kwamba wachache waliopona, wa kwanza akiwa Timothy Ray Brown, aliyepandikizwa uboho mjini Berlin mwaka 2007, hawakuponywa kwa chanjo. Twapendekeza chanjo ya walioambukizwa: yaeleza anayepewa, wala haiahidi kitu.

Pili, hifadhi ya virusi. VVU hujipachika katika vinasaba vya seli na kulala humo, dawa zisiweze kuving'oa. Mtu aachapo dawa, kwa kawaida huibuka tena baada ya majuma machache. Lakini hifadhi ni mahali pa kutunzia kitu kisiharibike, kama Serengeti ilivyo kwa wanyama. Nani avitunzaye virusi? Maficho ndilo neno lifaalo.

Tatu, askari wa mwili. Tamathali hii yafaa darasani, ila hujumlisha mno. Seli T, zilizopata herufi hiyo kutokana na tezi ya thaimasi zinamokomaa, ni za aina mbalimbali. Zenye alama ya CD4 huongoza na kusaidia nyingine, nazo ndizo zinazoshambuliwa hasa na VVU. Zenye CD8 huziua seli zilizoambukizwa, na chanjo nyingi zinazochunguzwa hukusudia kuziamsha hizo. Akiziita zote askari, mfasiri hawezi kueleza chanjo inafanya nini. Seli saidizi na seli angamizi zingetosha.

Huenda ikasemwa kuwa chanjo ya walioambukizwa ni istilahi ndefu. Ni kweli, na ufupi ni sifa njema ya istilahi. Lakini istilahi fupi inayompa mgonjwa tumaini lisilokuwapo haijatimiza kazi yake.