Manju wa Nanga na Njia ya kwenda Studio

Miongoni mwa Wahaya wa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, aliyetaka jina lake lijulikane kwa uimbaji mara nyingi alianza kwa kuitumikia enanga, au nanga, ala ya nyuzi inayochongwa kutoka kipande cha mti hadi kiwe na uwazi kama hori, kisha kamba moja ndefu, zamani ya mshipa wa ng'ombe, ikapitishwa kwenda na kurudi juu yake mpaka zipatikane nyuzi saba au nane. Kwa kuwa kamba ni moja, anayeukaza uzi huu huugusa na wa jirani, na hivyo kuilinganisha ala peke yake ni kazi ya subira.

Ugumu hasa huanza pale vidole vinapotakiwa kuendelea na mwendo wao huku kinywa kikisimulia. Manju, yaani bingwa wa utungaji na uimbaji wa jadi, huimba tendi, ambazo ni masimulizi marefu ya kishairi kuhusu mashujaa, wafalme na miungu, kama utendi wa Mugasha, mungu mwenye mamlaka juu ya Ziwa Viktoria na dhoruba zake. Mtafiti M. M. Mulokozi, aliyezichunguza tendi hizi katika tasnifu yake ya mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alionyesha kwamba manju hakariri maneno yaliyogandishwa, bali huutunga utendi upya mbele ya wasikilizaji, akitumia hazina ya mafungu ya maneno, sifa na matukio aliyojiwekea kwa miaka mingi. Jambo hili linastahili heshima kubwa kuliko linayopewa, kwa kuwa linamfanya msanii wa kijijini kuwa mwimbaji, mpigaji, mwanahistoria na mtunzi kwa wakati mmoja, bila karatasi ya kumkumbusha alipofikia.

Soko la ufundi huo lilikuwa ikulu za Abakama, yaani wafalme wa Kihaya, wakiwemo wa Ihangiro, nchi ambayo vilima vya Rubya vimo ndani yake, pamoja na vikao vya lubisi, pombe ya ndizi. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika akirekodi muziki mwaka 1950, wapigaji wa nanga wa Kihaya walikuwa miongoni mwa waliosikilizwa. Lakini utawala wa machifu ulipofutwa mwaka 1963, mfadhili mkubwa alitoweka, na manju akabaki na arusi, vilabu na ukarimu wa majirani.

Ndiyo maana mafanikio ya Saida Karoli yana uzito wa pekee. Mwaka 2001, mwimbaji huyu wa Kagera aliwafikia Watanzania wengi kwa wimbo wa Maria Salome, alioimba kwa Kihaya, katika nchi ambayo muziki wa redio ulikuwa umezoea Kiswahili kwa miongo kadhaa. Hakujulikana kwa nanga, bali kwa ngoma na uimbaji, lakini alibeba sikio lilelile lililofunzwa na mikusanyiko ya nyumbani, na wasikilizaji wasioelewa Kihaya waliutambua ustadi wake. Mwaka 2016 wasanii Diamond Platnumz na Rayvanny waliurudia wimbo huo kwa sura mpya katika Salome, na kizazi ambacho hakikuwahi kuusikia wa kwanza kikaanza kuutafuta.

Kijana wa Rubya anayetaka kuingia katika biashara ya muziki leo hutenganishwa na studio kubwa za Dar es Salaam na safari ya zaidi ya kilomita 1,300, ingawa kompyuta moja yaweza kuwa studio kijijini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi wa wimbo, na imetenga sehemu kwa ajili ya sanaa za jadi, ambazo mtunzi wake hatajwi kwa jina. Ndiyo maana wazee wa nanga wanastahili kufuatwa mapema, wakiwa hai, walipwe kama walimu, na kila utendi wanaouimba urekodiwe pamoja na jina la aliyeuimba.