Paa Linalobanwa na Mlima

Ukumbi wa Gjøvik, mji mdogo wa Norwei, una upana wa mita 61 na hauna nguzo hata moja katikati. Hauna hata kenchi za chuma za kubeba paa. Paa ni mwamba mtupu, tena wenye nyufa nyingi, na juu yake umekaa mlima wenye unene wa mita 25 hadi 50. Chini yake hukaa watazamaji zaidi ya 5,000. Kwa nini hauporomoki?

Mtazame fundi anayenyanyua matofali manne kwa mkupuo mmoja. Huyapanga ubavu kwa ubavu, akayabana kwa viganja kutoka pande mbili, na yale ya katikati hayadondoki ingawa chini hayakushikwa na kitu. Vipimo vilionyesha kwamba mwamba wa Gjøvik umebanwa vivyo hivyo kutoka ubavuni, kwa mgandamizo wa megapaskali 3 hadi 5, ilhali uzito wa mlima unaoelemea paa ni kama megapaskali 1 tu. Bila kujua hilo, naamini kuchimba upana ule kungekuwa kamari. Bahati nyingine ni kwamba mlima huohuo ulikwisha kuchimbwa bwawa la kuogelea miaka ya 1970, hivyo mwamba haukuwa mgeni.

Hata hivyo, wahandisi hawakuuachia mlima kazi yote. Walitoboa kwanza handaki jembamba juu, katikati ya paa, wakaliimarisha, ndipo wakalipanua kushoto na kulia. Sakafu ilifuata mwishoni. Kila walipolipua baruti walishindilia nondo za mita 6 na kebo za mita 12 ndani ya mwamba, zikakazwa kwa saruji, kisha wakapuliza zege lenye nyuzi za chuma, unene wa sentimita 10 hivi. Zege jembamba kiasi hicho halibebi mlima. Kazi yake ni kuzuia jiwe dogo lisichomoke, maana likitoka moja, jirani yake hulegea.

Ukumbi ulifunguliwa 1993, na mwaka uliofuata ukapokea mpira wa magongo wa barafuni wa Olimpiki ya Lillehammer. Matamasha nayo hufanyika humo. Mimi huvutiwa zaidi na kipimo kimoja: baada ya kutoa karibu mita za ujazo 140,000 za mwamba, paa lilishuka chini ya sentimita 1.