Mgeni Asiyepiga Hodi

Mwanzoni mwa mwaka 2016 nilikuwa mwanafunzi katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, na baridi ilikuwa imenifundisha kuingia katika kila jengo lenye mlango wazi. Ndivyo nilivyojikuta siku moja katika ukumbi wa wanafunzi, mbele ya meza yenye kisanduku cha michango na foleni fupi ya vijana wakingoja kuvishwa miwani kubwa nyeusi. Ndani ya miwani ile ilipachikwa simu ya Samsung, na ndani ya simu mlikuwa na filamu ya dakika nane na nusu iitwayo *Clouds Over Sidra*. Nilisimama kwenye foleni kwa sababu haikuwa na kiingilio. Sikuwa na sababu nyingine, wala sitaki msomaji anifikirie vingine.

Filamu hiyo ilionyeshwa Davos, Uswisi, Januari 2015, mbele ya wakubwa wa dunia. Waliohusika zaidi ni Gabo Arora, aliyekuwa akifanya kazi Umoja wa Mataifa, na Chris Milk, mtengenezaji filamu wa Marekani. Inamhusu Sidra, msichana wa Syria mwenye umri wa miaka 12, anayeishi katika kambi ya Zaatari nchini Jordan, kambi iliyokuwa na watu wapatao 80,000 wakati huo. Baadaye ilitumika katika nchi nyingi kuchangisha fedha za wakimbizi. Mwaka huo huo wa 2015 Milk alitoa hotuba iliyosifiwa sana, akasema kwamba chombo hiki ni mashine ya kuwafanya watu wahisi wanayohisi wenzao. Dai hilo ndilo ninalotaka kulipima hapa, maana kwa muda fulani nililiamini kabisa.

Nilipovishwa miwani, ukumbi ulitoweka. Nilikuwa jangwani. Kisha nikawa ndani ya chumba cha Sidra, naye ameketi mbele yangu, karibu kiasi cha kuweza kumpa mkono. Nikageuza kichwa kushoto, nikaona ukuta, kulia, vitu vya nyumbani, juu, paa. Si picha iliyokatwa pande nne na mtu aliyeniamulia nitazame nini. Nilitazama nilikotaka, na kwa kuwa sikuweza kufanya jambo jingine lolote, nilitazama kwa utulivu ambao sikuwahi kuwapa wakimbizi wa kwenye televisheni. Machozi yalinitoka. Nilishukuru kwamba miwani ilikuwa imeyafunika.

Kisha nikatazama chini. Sikuwa na miguu. Sikuwa na mikono wala kivuli. Milk anasifu jambo hilo hilo: kwamba ukiinama unaona umeketi kwenye ardhi ile ile aliyoketi Sidra. Mimi niliona ardhi, ila aliyeketi juu yake sikumwona. Nilikuwa nimeingia katika nyumba ya watu bila kupiga hodi, bila kuvua viatu, na hakuna aliyenikaribisha kwa sababu hakuna aliyejua kama nipo.

Hapa sina budi kuwatendea haki watengenezaji. Hodi walipiga wao. Mtu haingii na mitambo chumbani mwa familia bila kuongea na wazazi, kueleza shida yake, na kuruhusiwa. Lakini kamera ya namna hii huona pande zote kwa mara moja, kwa hiyo wapigapicha hulazimika kuiacha peke yake na kujificha ili wasionekane. Karibu waliipata wao, kisha wakajiondoa, nikasukumwa mimi mlangoni. Salamu zote, maswali, mashaka ya baba, yote yamebaki nje ya filamu. Kwa maoni yangu hayo ndiyo yangekuwa filamu yenyewe.

Kuna sehemu nyingine inayoonyesha upungufu huu wazi zaidi. Sidra anatupeleka kwenye duka la mikate, na msimulizi anaeleza jinsi harufu ya mkate wa moto inavyowatesa watoto wanapokwenda shule. Pua yangu ilikuwa Uingereza, ikinusa kahawa ya mtu wa nyuma yangu. Wataalamu wetu wameuita ufundi huu uhalisia pepe. Mkulima wa mpunga anajua pepe ni nini: punje iliyo na ganda kamili, ukiikamua haina kitu. Sidhani kama waliochagua neno hilo walikusudia ukali wote huo, ila mbele ya mkate ule niliona limekaa mahali pake.

Mimi ni mtu wa Kasulu, mkoani Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani kwetu mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na mwaka 2015 ikapokea Warundi wengi hadi ikazidi watu 150,000. Yaani karibu mara mbili ya Zaatari. Utotoni tulikuwa tukienda sokoni kwao. Palikuwa na mama mmoja wa Kikongo mwenye cherehani aliyenishonea sare ya shule. Kila nikipita aliniita: "Mutoto, mama yako alipona?" Mama yangu aliwahi kuugua malaria, naye hakusahau. Nilimjibu, "Amepona, mama, shikamoo," nikakimbia zangu. Sikumuuliza hata siku moja ametoka wapi, au amemwacha nani huko. Jina lake silijui mpaka leo.

Basi nilipokuwa nikilia ndani ya miwani, nilikuwa nikimlilia msichana wa mbali kwa dakika nane, mimi niliyepita miaka mbele ya yule mama bila chozi. Mtetezi wa mashine atasema: unaona, imekufumbua macho. Sikatai, imefanya kazi ambayo macho yangu mwenyewe yalishindwa. Lakini yule mama aliniuliza habari za kwetu. Nilikuwa nadaiwa jibu, nikawa nadaiwa swali, na deni hilo ndilo linalonichoma ninapoandika. Sidra hanidai kitu. Mwishoni watoto wanaizunguka kamera, wanacheka, wananitazama usoni. Kumbe wanatazama chombo. Nilitoa paundi mbili, tukawa tumemalizana.

Nimeitazama tena mara kadhaa tangu wakati huo, na kuna jambo ambalo mara ya kwanza kilio kilinificha: filamu ina ucheshi. Wanaume wanafanya mazoezi ya kujenga misuli, na Sidra anashuku kwamba wanapenda tu kujiona kwenye vioo. Wasichana wanacheza mpira wa miguu, wamefurahi kweli kweli, hawamsubiri mtu awahurumie. Ukiipata miwani, usiikatae. Sehemu ya mpira itazame mara mbili, na mara ya pili usigeuze kichwa ovyo kama mimi. Tulia mahali pamoja umtazame mchezaji mmoja.