Algerian si ya Kila Kitu

Ingia saiba yoyote hapa Eldoret, agiza programu ya mazishi, na kabla hujakaa vizuri jina la marehemu limeshavishwa Algerian. Unaijua hata kama hujui inaitwaje: zile herufi nene zenye vikia na kivuli pembeni, kama za bango la sarakasi. Ilitoka kwa kiwanda cha Stephenson Blake, Sheffield, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20. Siku hizi inakuja na Microsoft Office, kwa hivyo jamaa wa saiba hana haja ya kutafuta mbali.

Mimi siidharau. Kwenye lango la shule inasimama kama chifu ndani ya sare yake. Maneno mawili, nafasi kubwa, basi. Wabunifu wanaoicheka watuonyeshe malango yao kwanza.

Shida ni kwamba haina herufi ndogo. Hata ukiziandika, zinatoka kwa umbo la kubwa. Wasifu wa kurasa mbili unageuka kelele. Halafu kuna majina yetu ya huku: Ng'eno, Ng'etich, Kipng'etich. Ukiyabana kwa saizi ndogo, kile kialama cha ng' kinapotea kwenye mapambo, na fotokopi inakimaliza kabisa. Ng'eno anazikwa akiwa Ngeno kwenye karatasi ambayo familia itaiweka miaka na miaka. Hiyo si haki, bana.

Ndani tumia Garamond, ama hata Times. Algerian ibaki kwenye jalada: jina peke yake, kubwa, na kialama chake kionekane.