Ndege Hawakuja Malakisi

Bando lilikuwa limebaki kidogo na lingeisha saa sita usiku nitake nisitake, kwa hivyo nikaamua kulimalizia kwa nabii. Kukhu alikuwa kando yangu akichambua maharagwe ya kesho. Nje, Cheptais ilikuwa imeingiwa na ile baridi ya mlima inayofanya hata watu wa boda waende kulala mapema.

Filamu yenyewe inaitwa Joseph Smith: The Prophet of the Restoration. Ilitengenezwa mwaka 2005 na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hao tunaowaita Wamormoni, kuadhimisha miaka 200 tangu mwanzilishi wao azaliwe. Ni kama saa moja tu. Kijana wa miaka 14 anaingia msituni mwaka 1820 kumwuliza Mungu ajiunge na dhehebu gani. Anajibiwa. Anaonyeshwa mabamba ya dhahabu, anayatoa kitabu, anaanzisha kanisa mwaka 1830. Anapakwa lami na manyoya, anafukuzwa, anafungwa, na tarehe 27 Juni 1844 genge lenye bunduki linavamia jela ya Carthage, Illinois, na kumwua pamoja na nduguye Hyrum.

Risasi zilipoanza, kukhu akaacha maharagwe.

"Huyu ndiye Masinde wao?"

Nikamwambia ni kama hivyo.

Akanyamaza kidogo. "Na wale waliomfuata, walipata nini?"

Filamu haina jibu. Na nimekuja kuona kwamba filamu nyingi za waanzilishi wa dini hazina, kwa sababu hazijawahi kuulizwa swali hilo. Zinajiuliza jambo moja tu: je, huyu mtu alikuwa mkweli au mwongo? Zikishajibu, zinawasha taa na kututuma nyumbani.

Hii ya 2005 imejibu kabla hata haijaanza. Si filamu mbaya kwa macho. Mwanga unapita kwenye miti vizuri, muziki unapanda pale unapotakiwa kupanda. Lakini Joseph wake ana uso wa mtu ambaye hajawahi kudaiwa na mtu yeyote. Hana shaka, hana hasira inayodumu, na ana mke mmoja, Emma. Sasa, kanisa lenyewe lilikiri kwa maandishi mwaka 2014 kwamba Joseph alioa wanawake wengi, na kwamba makadirio ya makini ni kati ya 30 na 40. Hiyo si siri ndogo ya kufunika kwa kitambaa. Huyu pia alikuwa meya wa Nauvoo, mji ambao viongozi wake walivunja mtambo wa gazeti lililomsema, na kisa hicho ndicho kilichompeleka jela. Mtu aliyeogopa gazeti na mtu aliyeuawa bila huruma ni mtu yule yule. Huyo ndiye ningependa kukutana naye. Badala yake nikapewa picha ya ukutani inayotembea.

Ukienda upande wa pili unakuta Under the Banner of Heaven, mfululizo wa 2022. Wenyewe unaanza na mauaji yaliyotokea Utah mwaka 1984, kisha unarudi nyuma hadi kwa Joseph kutafuta damu ilianzia wapi. Umeigizwa kwa ustadi, sikatai. Lakini huko mwumini ni mshukiwa tangu dakika ya kwanza. Tena jibu limeshatolewa, ni vile tu limegeuzwa.

Na kuna Waganda. Mwaka 2011 mchezo wa kuimba The Book of Mormon ulifunguliwa Broadway, New York, ukazoa tuzo 9 za Tony. Vijana wawili wa Kimormoni wanatumwa kaskazini mwa Uganda. Mmoja hakijui kitabu chake, anabuni mambo, na wanakijiji wanayachukua hayo na kuigiza maisha ya Joseph Smith mbele ya wakubwa wa misheni, kila kitu kikiwa shaghalabaghala. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mazee, mimi kinachonisumbua ni kwamba hapo ndipo mahali pekee katika orodha yangu ambapo wafuasi wenyewe wanapewa jukwaa waeleze kwa nini wameamini, na ni mzaha. Sisi majirani zao ndio mzaha.

Iliyokaribia jambo lenyewe ni ya zamani kuliko zote: Brigham Young, iliyoongozwa na Henry Hathaway mwaka 1940. Joseph humo ni Vincent Price, na anauawa mapema. Kinachobaki ni mrithi wake, Brigham, ambaye anaongoza maelfu jangwani kuelekea Utah huku moyoni hana hakika kama Mungu aliwahi kumwambia neno. Watu wanalima, mazao yanaota, nyenje wanavamia na kula kila kitu. Brigham anasimama mbele ya watu wenye njaa ili aungame kwamba hakusikia sauti yoyote. Kabla hajafungua roho, mbingu inajaa shakwe. Ndege wanashuka, wanakula nyenje, na Brigham anaokolewa asiseme ukweli wake.

Wamormoni wanasimulia kisa cha ndege hao kama muujiza wa mwaka 1848. Sina shida na imani yao. Shida yangu ni na mwandishi wa filamu. Amemfikisha mtu kwenye ukingo mgumu kuliko wote, akaogopa, akaita ndege.

Ebrahim Hussein hakuita ndege. Tamthilia yake Kinjeketile, ya mwaka 1969, inamhusu yule wa Ngarambe aliyewapa watu maji ya kuzuia risasi za Wajerumani katika vita vya Majimaji mwaka 1905. Kinjeketile wa Hussein anatoka mtoni akiwa na neno, kisha anaanza kulishuku neno lenyewe: ni la mzimu, au ni lake? Anataka watu wangoje. Hawangoji, kwa sababu viboko vya mashamba ya pamba havingoji. Neno limeshakuwa lao. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme maji yalikuwa uongo, na anakataa. Si kwa sababu anaamini maji. Anajua tu kwamba akilikana, watoto watakaokuja wataambiwa kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Hapo swali la mkweli au mwongo linakufa, na swali la kukhu linabaki jukwaani peke yake.

Sasa turudi mlimani. Ukishuka kutoka Cheptais unafika Malakisi. Tarehe 10 Februari 1948, miaka mia moja baada ya shakwe wa Utah, polisi wa mkoloni walifyatulia risasi umati wa wafuasi wa Dini ya Msambwa pale Malakisi. Watu 11 wakafa. Ndege hawakuja.

Mwanzilishi wao, Elijah Masinde wa upande wa Kimilili, ni filamu inayongoja kamera. Alicheza mpira, akaichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Alifanya kazi ya kupeleka hati za mahakama. Waquaker walimtenga alipooa mke wa pili. Akasema watu warudi kwa msambwa, mizimu na desturi za wazee, na wazungu warudi kwao. Mwaka 1945 serikali ikamtangaza mwendawazimu na kumfungia Mathari kwa miaka miwili. Baada ya Malakisi ikampeleka kizuizini mbali, huko Lamu.

Najua itakavyotengenezwa ikipata pesa. Ngoma, kofi la mkoloni, hotuba, bendera ikipanda, mwisho. Ile ya 2005, ila na kanzu yetu. Lakini bendera haiwezi kufunga hadithi ya Masinde. Bendera ilipanda, kisha mwaka 1968 serikali ya Kenyatta ikaipiga dini yake marufuku tena, na mwenyewe akarudi ndani hadi Moi alipoingia mwaka 1978. Alifariki 1987. Ukimfanya shujaa tu, nusu ya maisha yake haiingii kwenye fremu. Ukimfanya kichaa tu, umeandika ripoti ya daktari wa mkoloni. Na tafadhali, wake zake msiwafiche kama alivyofichiwa Joseph wa kwake.

Sisemi haya kwa kupenda sanaa pekee. Nimekulia kwenye mlima ambapo kati ya 2006 na 2008 SLDF iliwaapisha vijana na kuwapa bunduki kwa jina la ardhi, wengine kwa hiari, wengine kwa lazima, kisha jeshi likaja na Okoa Maisha. Hao hawakuwa Dini ya Msambwa, na sitaki mtu avichanganye. Lakini huku, "nani alikwambia, na mbona ulimwamini?" si swali la darasani. Kuna nyumba ambazo bado haliulizwi mezani. Filamu inaweza kuliuliza kwa niaba yetu, mradi isituletee jibu mfukoni.

Bando liliisha kabla ya majina ya waigizaji kumalizika. Nikamrudishia kukhu swali lake: hao wa Masinde, walipata nini?

Alikuwa msichana mdogo mwaka ule. Aliniambia mama yake alitoka asubuhi kwenda Malakisi na kapu, akarudi usiku bila kapu, akaketi karibu na moto na hakutaka mtu amguse. Hakueleza siku ile wala baadaye. Wiki iliyofuata akaenda tena kusali na wenzake, kwa siri.

Mimi ningeanzia filamu hapo, kwa huyo mama akiwa njiani kwenda mara ya pili.