Ua Hupimwa Chini ya Goti

Anayetaka kujua kama ua wa miti ni mzuri asianze kutazama juu. Juu kila ua hupendeza, kwa sababu huko ndiko kwenye jua na majani hukimbilia huko. Achuchumae, atazame sehemu iliyo chini ya goti. Akiona vishina vitupu na miguu ya wapita njia, ajue mwenye nyumba ana mstari wa miti tu, sitara bado hana. Akiona majani yameshonana mpaka yanagusa udongo, amekutana na kazi ya fundi, na fundi huyo aliianza kazi yake miche ikiwa bado haijafika hata urefu wa hilo goti.

Nasema haya kwa sababu wengi wetu tunachagua ua kwa kigezo kimoja: unakua haraka? Muuza miche analijua swali hilo na jibu lake liko tayari mdomoni. Lakini mti unaokimbia kwenda juu ndio huohuo unaoacha wazi sehemu ya chini, na hausimami ukifika urefu ulioutaka. Ua wa kasi utakudai mkasi kila mwezi kwa maisha yako yote. Ua wa polepole utakudai uvumilivu wa miaka miwili au mitatu, kisha utakuacha upumue.

Kabla ya kutaja mti wowote, ujue kwanza unajisitiri na nini. Macho ya barabarani yanataka ua ulioshiba kuanzia ardhini mpaka mita mbili hivi, na juu ya hapo ni mapambo. Macho ya jirani wa ghorofani yanataka kitu kirefu chenye kivuli, na chini panaweza kuwa wazi bila hasara. Halafu kuna taa. Ua unaokusitiri vizuri mchana unaweza kukuanika usiku ukiwasha taa ya sebuleni, kwa kuwa kila tundu dogo hupitisha mwanga. Ukitaka kuuchunguza ua wa mtu unayemwonea wivu, upitie mara mbili: mchana wa jua kali, kisha saa mbili usiku. Na uupitie kiangazi, mwezi wa pili au wa tisa, maana wakati wa masika hata kichaka kibovu huwa kijani.

Kwa nyanda za juu, kuanzia Arusha mpaka Nairobi, nauweka kayaba mbele ya mingine yote. Mti huu wa kusini mwa Afrika, ambao kwa kitaalamu huitwa Dovyalis caffra, una miiba mirefu isiyosamehe, majani madogo ya kijani kilichokolea, na matunda ya njano yenye ugwadu yanayofaa kwa jamu. Ubora wake mkubwa umo ndani ya shina: ukiukata mpaka kwenye mti mkavu wa kahawia, unachipua tena. Maana yake ni kwamba ua wa kayaba ulioharibika unaweza kufufuliwa, jambo ambalo miti mingi haikubali. Unavumilia ukame na hata udongo duni. Ubaya wake ni huohuo wa miiba. Kila tawi lililokatwa lazima liokotwe, la sivyo litaingia kwenye ndala ya mtoto au tairi la baiskeli. Tena mwaka wa kwanza unakatisha tamaa, unaonekana kama umelala. Wengi hung'oa wakati huo, nao ni wakati ambao mizizi ndiyo inayofanya kazi.

Huku Pwani na mikoa ya joto tuna michongoma. Jina hilo hupewa miti ya miiba zaidi ya mmoja, kwa hiyo usiagize kwa simu. Nenda uone jani na mwiba kwa macho yako. Ua wa michongoma uliokatwa tangu udogoni ni mzito, kuku hapenyi. Ulioachwa ujikuzie wenyewe huwa miti mirefu yenye vichwa vinavyopepea, na chini mbuzi wanapita watakavyo.

Kwa anayekaa karibu na bahari, ambako upepo wa chumvi unaunguza majani, jibu ni mvinje. Wengi wanaujua kama mti mrefu wa ufukweni na hawadhani unaweza kuwa ua, lakini ukikatwa mapema na mara kwa mara hushonana na kuwa laini kama zulia. Ushahidi wa uvumilivu wake uko Bamburi, Mombasa. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, juu ya mwamba mtupu wa matumbawe. Alijaribu aina 26, zikapona tatu tu, na mvinje ndio uliotia fora. Siri yake ni vijidudu vinavyoishi kwenye mizizi yake na kuupatia naitrojeni kutoka hewani, hivyo hauhitaji udongo tajiri. Tahadhari ni moja: ukiuachia ukawa mnene, usitegemee kuukata kwenye shina kuukuu ukachipua vizuri. Mvinje unataka mtu asiyesahau mkasi.

Msaipresi, ule ambao wengi huuita mti wa Krismasi, una kisa kinachostahili kusimuliwa kwa mtu yeyote anayetaka kuupanda. Ni mgeni kutoka Meksiko na Amerika ya Kati, na kwa miaka mingi ulikuwa ndio ua wa heshima katika nyanda zetu za juu: kwenye nyumba za misheni, mashamba ya chai na shule. Mwaka 1986 vidukari wanaofyonza saipresi walionekana Malawi. Mwaka 1990 haukuisha kabla hawajafika Tanzania na Kenya. Nyua zilizokuwa fahari ya mitaa zikakauka vipande vipande, kwa sababu msaipresi hauna akiba ya vichipukizi kwenye mti mkavu. Mahali palipokufa pamekufa. Mpaka leo ukiukagua ua wa saipresi, penyeza mikono yote miwili na uyapanue matawi. Ndani kuwa kahawia ni kawaida, maana jua halifiki. Lakini ukiona ukahawia umetokeza nje kwa mabaka, ukashika tawi vidole vikanata, na juu ya majani kuna masizi meusi, hao ni vidukari. Sisemi usipande. Nasema usipande ua mzima wa mti huo peke yake, kwa sababu siku mdudu akija utabaki uchi upande wote.

Bogenvilia naiweka chini kuliko sifa zake. Inapendeza, hilo halina ubishi, na ikipata jua la kutwa na maji kidogo rangi zake zinasimamisha watu barabarani. Lakini kwa asili ni mmea wa kutambaa. Bila waya au nguzo za kuegemea hujilaza, na baada ya miaka kadhaa ndani yake hubaki matawi makavu yenye miiba yaliyofunikwa na ngozi nyembamba ya maua. Ipande juu ya ukuta au wavu uliopo tayari, itakutendea haki.

Masale ndiyo ninayowashauri wenye kiwanja chenye kivuli, palipo na migomba au miti mikubwa ambako ua mwingine wote hukonda. Wachagga wameyatumia tangu zamani kuonyesha mipaka ya vihamba vyao, na wameyapa heshima kubwa zaidi ya hiyo: jani la sale hupelekwa kwa mtu unayemwomba msamaha. Yanaoteshwa kwa vipande vya shina, hayana miiba, yanaishi miaka na miaka. Hayazuii mwizi. Macho yanazuia, na jirani akiyaona mpakani anajua umekuja kwa amani.

Kwa macho ya ghorofani, mwashoki, mti wa Kihindi ule mwembamba wenye majani yanayoning'inia, umejaa Dar es Salaam na Mombasa kwa sababu ya haki: unachukua nafasi ndogo na unapanda juu sana. Uache mita moja na nusu kati ya mti na mti. Ukibanana, au ukiwekwa nyuma ya ukuta mrefu, majani ya chini hunyauka na sitara yote huhamia juu. Na usiukate kichwa, umbo lake halirudi.

Kuna miti ambayo sitaki kuiona karibu na nyumba ya mtu ninayempenda. Fikasi ni wa kwanza: majani yake yanang'aa, unakubali kila umbo la mkasi, lakini mizizi yake hutafuta maji popote yalipo, hupasua ukuta, huingia kwenye mabomba na kwenye shimo la choo. Mkaratusi vilevile. Mmea wa pili wa kuepuka ni ule wenye maua ya njano mfano wa kengele na utomvu mweupe, Thevetia, unaopandwa sana kwa sababu mbuzi hawaugusi. Mbuzi wana akili: kila sehemu yake ina sumu inayoshika moyo. Mbegu za mbono kaburi nazo ni sumu, na utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni unaweza kukupofusha kwa muda. Mnyaa nausifu kwa mikoa mikavu kama Dodoma na Shinyanga, kwenye boma la ng'ombe, mbali na wanapochezea watoto. Lantana usiipande kabisa. Ndege hula vitunda vyake na kuzisambaza mbegu mpaka malishoni, na ng'ombe wakiila wanaugua.

Ukishaamua mti, twende kitaluni, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Mnunuzi mgeni huchagua mche mrefu kuliko yote. Mwache auchukue. Wewe tafuta mfupi mnene, ulioanza kutoa matawi karibu na udongo. Usiushike shina, inua kiriba, ukitazame kwa chini. Mizizi michache inayochungulia ni dalili njema. Mizizi minene iliyotoboa na kuzama kwenye ardhi ya kitalu ni dalili kwamba mche umekaa mno, na utakapong'olewa utaiacha nusu ya mizizi yake hapohapo. Kisha fanya jambo ambalo wauzaji hawalipendi lakini hawalikatai ukilipa: nunua mche mmoja, uchane kiriba chake mbele yao. Udongo unapaswa kushikana, na ncha za mizizi ziwe nyeupe au za maziwa, zimeelekea chini. Ukikuta mzizi mkuu umepinda kama ndoana, au mizizi inazunguka ndani ya kiriba, usichukue fungu hilo. Mche wa namna hiyo hukua vizuri miaka miwili, kisha hudumaa au huangushwa na upepo, na tundu lililobaki katikati ya ua halizibiki kirahisi, kwa sababu mche mpya huzidiwa jua na maji na wakubwa walio pembeni. Ndiyo maana ni busara kununua michache ya ziada, ukaikuza kando kwenye ndoo ili ilingane na wenzake ikihitajika.

Panda masika yanapoanza, kwenye mtaro wa nusu mita wenye samadi iliyooza. Kayaba na michongoma hupendeza kwa mistari miwili inayopishana, sentimita 30 hadi 40 kati ya mche na mche. Uingie ndani ya mpaka wako kwa mita moja, upate pa kusimama ukikata upande wa nje bila kuomba ruhusa.

Sasa linakuja lile linalouma. Mche ukishashika, ukate theluthi ya juu. Ncha ya juu ya mmea hutoa homoni inayovizuia vichipukizi vya pembeni visiamke. Ukiiondoa, vyote vinaamka kwa pamoja, na vya chini ndivyo unavyovihitaji. Kila ukiongezeka kiasi cha kiganja, kata nusu yake. Mkulima mwenye huruma hapa ndiye atakayekuwa na ua wenye vishina vitupu. Ukiacha mwashoki, ambao haukatwi kichwa, msaipresi pekee ndio tofauti: huo upunguzwe pembeni tangu mapema, kichwa kiachwe mpaka ukaribie urefu unaoutaka.

Umbo nalo lina kanuni isiyobadilika. Chini pawe papana kuliko juu. Ua wenye sentimita 80 chini uishie 50 juu, ili jua lifike mpaka kwenye majani ya mwisho. Wakataji wengi hufanya kinyume bila kukusudia, kwa sababu mkono hufika juu kirahisi kuliko chini, na mwaka hadi mwaka ua huota mabega na kukosa miguu. Mfungie fundi wako kamba. Baada ya kazi, okota vijiti vilivyokatwa utazame ncha zake: zikiwa safi, mkasi ulikuwa mkali, zikiwa zimechanika nyuzinyuzi, alitumia panga butu, na majeraha hayo ni mlango wa magonjwa.

Kwa hiyo unapokwenda kununua miche au kumwajiri fundi, usimuulize bei kwanza. Mwombe akupeleke kwenye ua aliousimamia yeye, wenye miaka mitatu au zaidi. Ukifika, chuchumaa. Kama hana wa kukuonyesha, mshukuru na utafute mwingine.